Kilomita kwa Lita: Uliza Kipimo Kabla ya Kutuma Pesa Japani

Jamaa wanaotaka kuagiza gari hunipigia simu na swali moja: hii inakula vipi mafuta? Wakala ameshawatumia picha, na chini ya picha pana namba, tuseme kilomita 20 kwa lita, nao wameshapiga hesabu ya mwezi kwa namba hiyo. Mimi huwauliza kwanza: imepimwa kwa kipimo gani?

Namba ile haikutoka barabarani. Gari hupandishwa juu ya roli ndani ya maabara, magurudumu yakazunguka bila ya gari kwenda popote. Dereva hufuata mstari kwenye skrini unaomwonesha lini akanyage mafuta, lini ashike breki na lini asimame kabisa. Roli zenyewe zinakaza kwa kadiri ya uzito wa gari na upepo ambao ingekutana nao njiani. Moshi wa ekzosi hukusanywa kwenye mifuko, gesi zake zikapimwa, na kwa kaboni iliyoonekana humo ndiyo hujulikana mafuta kiasi gani yameungua. Kwa hiyo kipimo kimoja hutoa majibu mawili: mafuta na uchafu wa moshi.

Gari nyingi kuukuu tunazoendesha huku Zanzibar zilipimwa kwa kipimo cha 10-15, kilichoanza Japani mwaka 1991. Ni mwendo wa kilomita 4.16 kwa dakika 11, spidi ya juu kabisa 70, injini imeshapashwa moto, kiyoyozi kimezimwa. Sasa nani kwetu anazima kiyoyozi saa nane mchana wa kaskazi, amekwama kwenye foleni ya Mwanakwerekwe? Kikaja JC08, kirefu zaidi, kilomita 8.17, spidi ya juu inapita 80 kidogo, na sehemu yake huanza injini ikiwa baridi. Tizama kilichotokea kwa Prius ya 2009, ile ya daraja la L: kwa 10-15 iliandikwa kilomita 38.0 kwa lita, kwa JC08 ikaandikwa 32.6. Gari ni ile ile, injini ni ile ile.

Basi ukiwekewa mbele gari mbili, moja ya 2007 yenye namba ya 10-15 na nyengine ya 2013 yenye namba ya JC08, usizilinganishe moja kwa moja. Ya zamani imependelewa. Linganisha 10-15 kwa 10-15, JC08 kwa JC08. Hapo namba ina faida kubwa, kwa sababu gari zote zimepita mlango mmoja. Gari za kuanzia 2018 zinakuja na kipimo cha WLTC, na hicho nakipenda kwa sababu Wajapani hukiandika kwa mafungu: mjini, nje ya mji na barabara kuu. Mtu wa Mji anayekwenda Darajani na kurudi Fuoni aangalie fungu la mjini, na hayo mengine asihangaike nayo.

Halafu kuna zile stika za kioo cha nyuma ambazo wengi hatuzibandui. Utaona maandishi ya Kijapani, namba 22 au 27, na pengine +10% au +20%. Hiyo 22 ni mwaka wa 22 wa Heisei, yaani 2010. 27 ni 2015. Ndiyo miaka ya viwango vya mafuta ambavyo gari imevifikia, na asilimia ni kiasi ilichovipita. Lakini viwango hivyo vimepangwa kwa uzito. Noah yaweza kuwa na +20% na Vitz ikakosa stika kabisa, na bado Vitz ikala mafuta kidogo, maana Noah imeshindanishwa na gari nzito wenzake. Dalali akikuonesha stika kama hoja ya kukuuzia, muulize uzito wa gari.

Ukishakuwa na gari, ipime mwenyewe. Jaza tangi mpaka bomba lijikate, wala usimwambie kijana wa sheli aongeze "kidogo tu". Bonyeza kitufe cha tripu, ile hesabu ya kilomita za safari, kwenye dashibodi mpaka isome sifuri. Endesha kama kawaida yako, tangi likipungua chini ya nusu rudi sheli ile ile, pampu ile ile, jaza mpaka ijikate tena. Kama tripu inasoma 312 na pampu inasoma lita 26, gari yako inakwenda kilomita 12 kwa lita. Rudia kwa matangi kadhaa kabla ya kuiamini hesabu, na andika pembeni njia uliyopita. Gari yangu ya cc 1300 hapa mjini hucheza kwenye 11 na 12, nikishika njia ya Nungwi asubuhi mapema inapita 15. Shemeji yangu wa Wete ana gari ya aina hiyo hiyo na hapati 15 yangu, kwa vile vilima na kona za Pemba haviiachi gari ikatulia kwenye mwendo mmoja. Namba ya Unguja usimwahidi Mpemba.

Jambo jengine watu hulipuuza. Kutoka kilomita 8 kwa lita kwenda 10 ni faida kubwa kuliko kutoka 18 kwenda 20. Kwa kilomita 1,000, ya kwanza inakuokolea lita 25, ya pili haifiki lita 6. Kwa hiyo nyumba yenye gari mbili, shughulikieni kwanza ile kubwa: upepo wa matairi, plagi, eya kilina, breki inayoshika wakati hukuikanyaga. ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar, hutangaza bei za mafuta kila mwezi na hatuna la kuzifanya, lakini hayo yote yamo mikononi mwa fundi wa mtaani.

Maabara nayo yamewahi kudanganywa. Septemba 2015 Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka programu inayotambua gari ya dizeli ikiwa kwenye kipimo, ikasafisha moshi pale tu. Njiani ilitoa sumu ya oksaidi za naitrojeni mara nyingi zaidi. Lililoamsha jambo hilo ni vipimo vya Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vifaa kwenye gari na kuiendesha barabarani. Aprili 2016 Mitsubishi ikakiri kuchezea takwimu za mafuta za gari zake ndogo huko Japani.

Na sisi tunaweza kuivuruga gari iliyopimwa kwa haki. Ndani ya ekzosi mna kisafisha moshi chenye vitundu kama sega la nyuki, kinachopunguza monoksaidi ya kaboni na gesi nyengine mbaya. Wapo wanaokikata na kukiuza kwa madini yake, kisha wakaunga bomba tupu. Gari hiyo inakuja kusimama mbele ya skuli ikinguruma, watoto wanatoka mlangoni karibu kabisa na ekzosi, na stika ya Kijapani ya nyota nne za moshi safi bado iko kiooni. Nyota zile zilitolewa kwa gari iliyotoka kiwandani ikiwa kamili. Ukinunua kwa mtu hapa hapa visiwani, mwambie fundi aipandishe jeki, aingie chini na tochi, akutafutie alama mpya za kuchomelea kwenye bomba kabla hujahesabu pesa.