Maswali ya Wasomaji: Baa Nyepesi kwa Msumeno wa Mnyororo

SWALI: Ndugu mwandishi, ninafanya kazi ya kupogoa mikorosho katika vijiji vya Newala na Tandahimba, hasa katika kipindi kinachofuata mwisho wa mavuno, kabla wakulima hawajaanza kupulizia salfa. Msumeno wangu ni STIHL MS 381 wenye baa ya inchi 25, nilioachiwa na kaka yangu aliyekuwa akiangusha miti ya mbao. Ikifika saa sita mchana mkono wa kushoto huwa umekufa ganzi na kiuno kinauma. Fundi mmoja amenishauri ninunue baa nyepesi, lakini bei yake ni kubwa kuliko ya baa ya kawaida. Je, inafaa, na nitaichaguaje?
Msomaji, Newala

JIBU: Ndugu yangu wa Newala, pole kwa maumivu. Fundi wako hajakosea, ila ameanzia hatua ya pili. Baa, yaani ule ubapa wa chuma ambao mnyororo huzunguka ukingoni mwake, hukuchosha kwa sababu mbili: uzito wake, na umbali wa uzito huo kutoka mikononi mwako. Robo kilo iliyoko kwenye tangi la petroli, katikati ya mikono miwili, huisikii sana. Robo kilo hiyohiyo ikiwa karibu na pua ya baa hufanya kazi ya wenzo, na mkono wa kushoto ndio unaoibeba siku nzima. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta baa nyepesi, tafuta baa fupi. Inchi 25 zilimfaa kaka yako aliyekuwa akikata mashina ya mkongo na mvule, lakini tawi la mkorosho lenye unene wa paja la mtu halihitaji hata inchi 18, na injini ya msumeno wako, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 72, itauzungusha mnyororo mfupi bila shida yoyote. Injini hiyo peke yake, bila baa wala mnyororo, ina kilo 6.6, na hizo huwezi kuzipunguza. Zinazobaki mbele ndizo zilizo katika uwezo wako.

Ukishashuka hadi inchi 18 au 20, hapo ndipo swali la baa nyepesi linapopata maana. Baa nzito ya kitaalamu ni kipande kimoja cha chuma. Nyepesi hutengenezwa kwa kutoboa au kuchimba sehemu ya katikati, kisha nafasi hiyo hufunikwa kwa bamba au kujazwa kitu chepesi kama alumini, huku kingo zinazobeba mnyororo zikibaki za chuma kigumu. Uzito unaweza kupungua kwa karibu theluthi moja ikilinganishwa na baa nzima ya urefu uleule. Usikubali maneno matupu dukani: omba mizani, uzipime zote mbili. Kisha ifunge kwenye msumeno pamoja na mnyororo wake, zima injini, uunyanyue kwa mpini wa mbele peke yake. Pua ikianguka chini mara moja, mkono wako utakuwa ukipigana nayo kutwa; ikikaa karibu na usawa, umepata.

Angalia pia maandishi yaliyogongwa karibu na mkia wa baa yako ya sasa, kwa maana hapo ndipo wengi hupoteza fedha. Yanataja urefu, hatua ya mnyororo, yaani nafasi ya wastani kati ya ribiti na ribiti (kwa msumeno kama wako kwa kawaida ni inchi 3/8), upana wa mfereji, ambao mara nyingi ni milimita 1.6, na idadi ya zile ndimi za mnyororo zinazotembea ndani ya mfereji; baa ya STIHL ya inchi 20 kwa hatua hiyo huchukua ndimi 72. Hatua na upana wa mfereji lazima vilingane na mnyororo utakaoufunga, na hatua ilingane pia na gia ya injini. Hakikisha vilevile kwamba tundu la oili la baa linakutana na mdomo wa oili wa msumeno, kwani lisipokutana nalo, baa mpya itaungua kingo mapema.

Baa nyepesi ina udhaifu wake, nami sitakuficha. Ikibanwa na tawi zito, nawe ukalazimisha kuichomoa kwa kuipinda ubavuni, hujikunja kwa urahisi kuliko baa nzima, na kuinyoosha ni vigumu. Beba kabari, na ulikate tawi kwa chini kidogo kabla ya kulimaliza kwa juu. Mchanga wa uwanda wa Makonde nao hula mfereji wa baa yoyote ile, kwa hiyo safisha mfereji kila jioni, na uigeuze baa juu chini kila unaponoa mnyororo ili kingo zote mbili ziliwe sawa.

Jambo moja linanitia hofu katika kazi yako, nalo ni kwamba wepesi humshawishi mtu kuinua msumeno juu ya mabega. Tafadhali usifanye hivyo. Robo ya juu ya pua ikigusa tawi, msumeno huruka nyuma kuelekea usoni, na baa nyepesi huruka kama nzito. Matawi ya juu yakate kwa msumeno wa mkono wenye mti mrefu, ukiwa umesimama chini.

SWALI: Mimi napasua mbao za mninga kwa msumeno wa mnyororo huku Liwale. Je, baa nyepesi itanisaidia?
Msomaji, Liwale

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Unapopasua, gogo lenyewe ndilo linaloibeba baa, kwa hiyo mikono yako haitapata nafuu kubwa, ilhali baa inayopinda kidogo itakupa mbao zenye mawimbi. Baki na baa nzima, na fedha uliyotaka kuitumia nunua mnyororo wa pili wa kupasulia, ambao meno yake hunolewa kwa pembe ya takriban nyuzi 10 badala ya 30 za kukatia.