Usivune dawa eti kwa sababu jani limenona

Juzi mteja wangu wa Ngara amenipigia simu mwenyewe, akitaka mrehani na rozimeri yote niliyo nayo, na akaniongezea bei hata sijaitisha. Sasa wenye mmekuwa mkiniuliza siri ni gani, leo naisema.

Nalima hapa Rongai kwa kaploti ka kukodisha. Mvua ya Aprili ikishika kila mtu anavuna, majani makubwa, magunia yanajaa haraka. Mimi nikakataa. Jirani mmoja akaniambia mbele ya watu ati naringa na shamba si langu, na hiyo bado inaniuma, siwezi danganya. Lakini jani la mvua ni maji mengi, mmea uko bize kukua, yale mafuta ya harufu, yenye ndiyo dawa, yanakuwa machache kwa kilo. Mimi hungoja Januari na Februari, jua limewaka, maua ndiyo yanaanza kuchungulia, halafu nakata asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijakuwa kali. Na kukausha ni kivulini jamani, msianike mrehani juani kama omena!

Hii si mambo ya nyanya zetu peke yao. Artemisia, ile mmea ya kutengeneza dawa za malaria, artemisinini yake, yaani ile kemikali yenye ndiyo dawa, hujaa kwa majani karibu na wakati wa kutoa maua, ukichelewa inapungua. Mwanasayansi Tu Youyou wa China, aliyepata Nobel 2015 kwa kugundua hiyo artemisinini, alifaulu alipoacha kutumia moto mwingi akaitoa kwa etha, kimiminika chenye huchemka kwa joto kidogo, maana joto lilikuwa linaiharibu. Na tusikie vizuri, WHO, Shirika la Afya Duniani, haipendekezi kutibu malaria na chai ya artemisia, ukiugua nenda upimwe.

Vijana wenzangu, tuache haraka. Mmea wa kukauka majani kila msimu, mzizi wake chimba majani yakishakufa, nguvu imeshuka chini. Mti wa muiri nao, wenye ganda lake linatafutwa mpaka Ulaya kwa shida ya tezi dume, uko chini ya ulinzi wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995 juu ya watu kuuchuna ovyo. Kama ni wako shambani usichune shina kuzunguka, utakufa wote. Toa ganda upande mmoja, mwingine uache mpaka ule wa kwanza upone.