Jibu: Ty1 inawashaje jeni ya jirani kwenye hamira?

Kamwene mdogo wangu. Umeuliza: retrotransposoni Ty1 (kipande cha DNA kinachojinakili na kutua kwingine) ikitua kando ya jeni ya hamira (ndiyo, hamira hii hii ya maandazi), kwa nini jeni ibadilike tabia wakati yenyewe haijaguswa?

Ty1 ina herufi 5,900 hivi za DNA, na ndani yake mna sehemu za kushikwa na protini kama Ste12 na Tec1. Chukulia jirani kahamia Mwanjelwa na spika zake. Akifungulia muziki, nyumba ya pili nayo inatikisika. Protini zikishika Ty1, jeni ya pembeni nayo husomwa, pengine kupita kiasi.

Mimi kilichonishangaza ni hiki: seli yenye seti moja ya kromosomu huwasha, lakini yenye seti mbili, aina ya a/alfa (yenye jinsia zote mbili za hamira, a na alfa, hivyo haijamiiani), ina kizuizi cha protini a1 na alfa2, na usomaji unashuka. Yaani jeni isiyohusika kabisa na kujamiiana inaanza kufuata ratiba ya kujamiiana!

Usiogope sana lakini. Mara nyingi Ty1 hutua karibu na jeni za tRNA (molekuli zinazobeba asidi amino za kujengea protini), ikiifuata polimerasi ya tatu, kimeng'enya kinachozisoma jeni hizo, kwa hiyo jeni nyingi za protini husalimika.