Kabla hujalipa ada ya timu ya mtoto, nenda kakae pembeni ya uwanja uangalie

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mbezi kanitumia meseji ndefu sana. Ana mtoto wa kiume wa miaka sita, anasema pale nyumbani hakuna kitu kisichopigwa teke, hadi vifuniko vya sufuria, anataka nimtajie akademi nzuri ya mpira hapa Dar "ili aanze mapema awe kama Samatta," yule mshambuliaji wetu aliyefika Ulaya. Siku ile nilikuwa kazini nikamjibu kwa kifupi tu, dada yangu usilipe hata shilingi mpaka tuongee. Sasa naandika yote hapa hapa, maana najua wapo wengi wanaotaka hicho hicho anachotaka yeye, na mimi mwenyewe nilikitaka hivyo hivyo, na nimelipa kwa pesa na kwa machozi ya mtoto.

Mwaka 2023 mwanangu alikuwa anakaribia miaka saba. Ni mfupi, mnene kidogo, pumzi inakata haraka, lakini mpira anaupenda jamani, anaangalia mechi zote na baba yake, Simba ikifungwa hali chakula cha usiku. Nikasema huyu nimtafutie sehemu. Nikaingia Instagram, nikakuta akademi moja ina picha nzuri mno, nyasi bandia, jezi zenye majina mgongoni, watoto wamebeba makombe. Nikapiga simu, kiingilio laki moja na jezi ndani yake, ada elfu sitini kwa mwezi, na wakasema ukilipa miezi mitatu kwa mpigo wanakupunguzia. Nikalipa miezi mitatu. Sikwenda kuangalia, sikuuliza mzazi yeyote, nililipa kwa simu nikiwa kwenye daladala.

Siku ya kwanza kocha alimwangalia mwanangu juu mpaka chini halafu akaniuliza mimi, "Anacheza namba ngapi?" Mtoto wa miaka saba kasoro. Na mimi kwa kujidai nikajibu namba tisa, yaani mshambuliaji.

Basi nikawa namwacha pale Jumamosi asubuhi naenda zangu sokoni au saluni, narudi saa nne namchukua. Nikimuuliza vipi leo, anasema poa. Wiki ya tatu, ya nne, ikaanza habari ya tumbo. Kila Jumamosi, mama tumbo linauma. Ijumaa mzima, Jumapili mzima, Jumamosi tumbo. Nilimpa dawa ya minyoo mara mbili. Nikamwambia acha uvivu, watoto wa wenzio wanaitamani hiyo nafasi, mimi sitoi pesa mtini. Kiukweli hayo maneno mpaka leo nikiyakumbuka moyo unaniuma, maana mtoto alikuwa ananiambia kwa njia anayoijua yeye na mimi nikamnywesha dawa.

Siku moja ikanyesha mvua kubwa kidogo asubuhi, safari yangu ya Kariakoo ikafa, nikaamua nibaki nimsubiri pale pale. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuangalia mazoezi mwanzo mpaka mwisho. Watoto kama thelathini, kocha mmoja na msaidizi wake, wamepangwa mstari mmoja mrefu, kila mtoto anasubiri zamu apige goli mara moja halafu anarudi nyuma ya foleni. Mwanangu hata kwenye foleni hayupo. Nikamtafuta kwa macho, nikamwona nyuma ya goli karibu na ukuta, anaokota mipira. Mpira ukitoka nje anaukimbilia, anaurudisha kwa mikono, anasimama tena. Kocha anamwita "Bonge." Bonge ule kule! Bonge fanya haraka! Na wenzake nao wanamwita hivyo hivyo. Nikamhesabia, karibu dakika arobaini hakuugusa mpira kwa mguu. Halafu akaniona nimekaa pembeni, akanipungia mkono huku anacheka.

Nilikaa kwenye lile benchi la simenti machozi yanatoka.

Sasa hapa niseme ukweli wote. Sikumtoa siku ile. Nilikuwa nimeshalipa miezi mitatu, ilikuwa imebaki wiki tano, nikajiambia amalizie tu, labda atazoea. Nikaongea na kocha kwa upole, akanijibu, "Mama, mpira ni wa wanaume, lazima apitie magumu." Nyumbani baba yake naye akasema mwache awe ngangari. Nikanyamaza. Nikawaachia wanaume wenye mpira wao.

Mwishoni mwa mwezi likaja bonanza la chini ya miaka tisa. Wakatuambia kila mzazi achangie elfu kumi ya usafiri na maji. Mwanangu aliamka saa kumi na moja alfajiri, akavaa jezi, akaketi sebuleni kwenye kochi anasubiri kukuche. Kufika kule, timu tuliyopangiwa ilikuwa na vijeba watupu, kuna mmoja alipomwomba mwenzake pasi nikasikia sauti ya mtu mzima kabisa, eti chini ya miaka tisa. Lakini tukawafunga, mechi ya kwanza tukashinda, ya pili tukaongoza sita bila. Sita bila! Nikajua sasa ataingia tu, hata dakika mbili. Hakuingia. Walikuwa watoto wanne hawajaingia tangu asubuhi, wamekaa chini wamevaa jezi safi haina hata vumbi. Wakati wa picha na kombe mpiga picha akasema tusogeane, kocha akasema wale ambao hawakucheza wapishe kidogo, tupige ya kikosi kwanza. Kikosi kwanza. Hiyo ya pili haikupigwa.

Tumepanda boda kurudi, mtoto kakaa katikati yangu na dereva, kimya. Tulipofika Tabata Relini akaniuliza, "Mama, ile jezi tumrudishie kocha?"

Jezi hatukuirudisha ila kule hatukurudi tena. Na kilichonitia uchungu zaidi ni kwamba alikaa karibu miezi mitano hataki hata mpira wa uani. Watoto wa jirani wanamgongea geti waende wakacheze chandimu, anasema anaumwa. Mtoto aliyekuwa anagoma kula Simba ikifungwa sasa akiona mechi anaondoka sebuleni anaenda kulala.

Hii timu tuliyonayo sasa nimeiona kwa bahati tu. Nilitumwa maandazi asubuhi moja ya Jumamosi, nikapita kwenye uwanja wa shule ya msingi, vumbi tupu, magoli ya koni na kandambili. Mzee mmoja wa makamo ana filimbi shingoni na kijana mmoja anamsaidia. Watoto wamegawanywa vikundi vikundi, wanne kwa wanne, viwanja vidogo vinne vimechorwa kwa chokaa, kila kiwanja kina mpira wake. Hakuna foleni. Hakuna aliyesimama. Kuna mtoto alianguka akachubuka goti, mzee akasimamisha, akachuchumaa, akamwosha na maji ya chupa, wenzake wakasubiri. Na kulikuwa na mtoto wa kike na rasta zake anacheza kama wengine, hakuna anayemshangaa. Maandazi yalipoa mkononi.

Mara hii nikawa na akili. Nilikwenda Jumamosi tatu mfululizo bila mtoto, nakaa chini ya mwembe naangalia tu. Nilikuwa naangalia kitu kimoja, yule mtoto asiyejua mpira kabisa wanamfanyaje. Kwa sababu mtoto anayejua mpira anapendwa kila mahali. Kulikuwa na kitoto kimoja kinakimbia kikiwa kimefumba macho, kinapiga hewa, kila kikipiga hewa mzee anasema "karibu, karibu, tena." Jumamosi ya tatu kikaugusa, mpira ukaenda kombo, watoto wote wakapiga makofi. Nikasema hapa hapa.

Mzee akanifuata mwenyewe, "Mama, una mtoto hapa?" Nikamwambia bado. Akasema mlete acheze mwezi mzima bila kulipa, akipenda ndiyo tuongee. Nilipompeleka hakuniuliza mimi kitu. Alichuchumaa akamuuliza mwanangu jina lake, akamuuliza anapenda timu gani, akajibu Simba kwa sauti ndogo, mzee akasema mimi Yanga lakini leo tutaelewana. Mtoto akacheka. Miezi mitano sijaona akicheka mbele ya mpira.

Huyu mzee ndiye kanifundisha vitu ambavyo kwa ada yangu ya elfu sitini sikufundishwa. Kwamba mipira ina saizi, watoto wa umri wa mwanangu wanachezea namba tatu, kuanzia kama miaka minane, tisa hivi mpaka kumi na mbili ni namba nne, na namba tano ni ya kuanzia miaka kumi na tatu kwenda juu. Kule tulikotoka watoto wa miaka saba walikuwa wanapiga namba tano, yaani mpira ule ule wa Simba na Yanga, halafu mtoto akishindwa kuunyanyua anaambiwa hana nguvu. Kwamba wadogo wanachezeshwa wachache wachache, wanne au watano kila upande, ili kila mmoja auguse mpira mara nyingi, ukiweka kumi na moja kwa kumi na moja wawili wenye mbio ndiyo wanacheza na waliobaki wanafukuza vumbi. Na namba ngapi anacheza hilo ni swali la baadaye sana, leo anadaka, kesho mbele, keshokutwa beki. Tunachangia elfu mbili kwa wiki, ya chokaa na maji. Asiye nayo anacheza.

Sasa wazazi wenzangu. Hii habari ya Samatta naomba tuiongee, maana na mimi ndiyo ilinipoteza. Samatta ni wa Mbagala, amezaliwa 1992, katokea African Lyon, akaenda Simba, 2011 akaenda TP Mazembe ya Kongo, 2016 Genk ya Ubelgiji, Aston Villa ya Uingereza ni Januari 2020. Hesabu mwenyewe, hapo tunaongelea kijana, siyo mtoto wa chekechea. Wewe mwanao ana miaka sita, kazi yake sasa hivi ni kuupenda mpira tu basi, akiupenda atacheza mwenyewe mpaka umfokee aingie ndani aoge. Akiuchukia na miaka saba hayo mengine yote utamfundisha nani? Tunawasukuma watoto kwa ndoto zetu, tunawapeleka mahali tusipopajua, tunamwachia mtu baki mtoto masaa matatu kwa sababu tu ana filimbi na trakisuti. Tusifanye hivyo. Nenda ukaangalie kwanza. Kocha anayekwambia wazazi hawaruhusiwi kukaa, ondoka na mwanao siku hiyo hiyo. Uliza choo kiko wapi na mtoto akienda anakwenda na nani. Kama kuna kocha anamtaka mtoto peke yake kwa "mazoezi maalumu" nyumbani kwake, hapo hata usijibishane naye. Na mtoto akisema tumbo linauma siku ya mazoezi tu, kaa naye chini muulize taratibu, usikimbilie duka la dawa kama nilivyofanya.

Na wenye watoto wa kike mnaoniuliza kama wapo wanaopokelewa, wapo. Jirani yangu binti yake wa miaka nane alikataliwa sehemu mbili, wakamwambia ampeleke netiboli, sasa hivi yuko na sisi. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, mwaka 2022 walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India wakawafunga Ufaransa 2-1, wakafika robo fainali, hao nao kuna siku walikuwa na miaka minane na kuna mtu aliwapa mpira. Usikubali mwanao aambiwe mpira siyo wake. Nenda kaangalie, uliza, kaa, angalia tena.

Mwezi uliopita tumeenda bonanza dogo, timu nne tu za mitaani. Mwanangu kacheza mechi zote, kila mtoto kacheza mechi zote, ndiyo utaratibu wa mzee. Tumefungwa tatu moja na nyingine tumetoka sare. Alidaka kipindi kimoja, akazuia shuti moja kwa tumbo, lile lile tumbo, akainuka anautafuta uso wangu kwenye watu. Nilipiga kelele sauti ikakauka siku mbili. Baba yake alikuwepo, hakusema kitu, ila jioni nikamkuta uani anampigia mtoto mipira adake.

Dada wa Mbezi, uliniuliza pia kuhusu viatu. Usimnunulie njumu sasa, miguu inakua na hivyo viwanja vyenu ni vigumu, zinamuumiza kisigino. Raba ya kawaida yenye soli ya mpira inatosha, nenda soko la Karume asubuhi mapema utapata mtumba mzuri, mimi nilipata kwa elfu kumi na mbili. Nenda na mtoto mwenyewe ajaribu, akimbie hapo hapo mbele ya meza ya muuzaji, na mwache achague rangi.