Ukimwambia rezidenti "bado", mwambie bado nini

Juzi rezidenti mmoja, yaani daktari anayesomea ubingwa wa upasuaji, niliyekuwa namsimamia hapa Moshi kanipigia simu, kafaulu mtihani wa vitendo. Nimefurahi kupita kiasi, maana huyu dogo alikuja kwangu ameshaandikiwa "mkono mzito" basi, hakuna aliyemwambia huo uzito uko wapi.

Hayo maumivu nayajua. Nilikosomea mimi bosi alikuwa akimaliza kuniangalia anavua glavu, anasema "bado", anaondoka zake. Nilikuwa nalala na hilo neno, na hadi leo linaniuma.

Sasa huyu dogo nilimwangalia anafunga ngozi ya mgonjwa wa henia. Sindano kaishika karibu na ncha, kiwiko kimenyanyuka, halafu anaisukuma mbele moja kwa moja wakati sindano yenyewe imepinda, ndo maana ngozi ilikuwa inavutika inataka kuchanika, na forsepsi (kile kikoleo cha kushikia ngozi) inaibana mpaka inaacha alama nyeupe. Nikamwambia la sindano tu: ishike theluthi mbili kutoka kwenye ncha, ingia wima, zungusha kiganja ufuate mpindo wake. Mengine nikayaacha kwanza. Haikuchukua muda kingo za ngozi zikaanza kukutana vizuri.

Ushauri wangu ndo huo: taja ulichokiona kwa macho, kimoja, siku hiyohiyo. Fomu zipo jamani, OSATS ya kule Toronto, fomu ya kupima ustadi wa mkono kwenye upasuaji, imechapishwa tangu 1997, alama 1 mpaka 5 kwa vipengele 7, kuanzia anavyoitunza tishu mpaka anavyomtumia msaidizi wake, kwa hiyo mtu kuandika "wastani" halafu akasaini ni uvivu. Ila na namba peke yake haifundishi, ukimpa 2 mwambie hiyo 2 imetoka wapi. Logibuku, lile daftari la kuandikia kesi, nayo itakuonyesha kafanya kesi ngapi, mkono wake ulikuwaje haikuambii.

Wakubwa wenzangu, tuache kuwatisha watoto wa watu, hawa ndo watakaotushona sisi uzeeni. Na nyie wadogo, hasa mnaojiandaa na mitihani ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, hawa wenye makao yao hapo Arusha, msisubiri kuitwa. Bosi kabla hajatoka thieta (chumba cha upasuaji) muulize "dokta, leo nirekebishe kitu gani kimoja?", kiandike pembeni ya kesi hiyo, na siku mkiingia tena mkumbushe kabla hamjanawa, ili macho yake yaanzie hapo.