Gereji imenizidishia kazi na gari halitoki

SWALI: Klachi ya gari langu ilikuwa inateleza, nikalipeleka gereji. Tulikubaliana wabadilishe klachi tu, kwa siku 3. Leo ni siku ya 24. Jana wamenipa ankara yenye pampu ya maji na pedi za breki ambazo sikuwahi kuulizwa. Wanasema nisipolipa zote, gari halitoki. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana. Usilipe bado, wala usiende kugombana getini.

Kwanza dai spea zako kuukuu. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akizifunga kwenye gazeti na kuziweka chini ya kiti cha mbele, mwenye gari ajionee mwenyewe. Ishike puli ya pampu, yaani gurudumu lake la mkanda, uitikise: pampu iliyochoka hucheza, au huacha alama za maji yaliyovuja. Pedi zikiwa bado nene, hazikuhitaji kubadilishwa. Wakisema wamezitupa, liandike jibu hilo pamoja na tarehe.

Kisha pitia pesa ya ufundi. Ili kufika kwenye klachi giaboksi hushushwa, na beringi ya klachi inakuwa hapohapo. Ukiona ufundi wa klachi na ufundi wa beringi vimetozwa mbalimbali, umelipishwa kushusha giaboksi moja mara mbili. Hilo linaniudhi kuliko yote, kwa sababu mteja hawezi kulijua.

Kuhusu kuchelewa, omba risiti ya duka walikonunua klachi. Kama waliinunua siku ya 20, tangu siku hiyo hawana tena kisingizio cha kusubiri spea.

Sasa waandikie: taja mlichokubaliana, kazi unazozikataa, na siku ya mwisho ya kukabidhiwa gari. Jitolee kulipa klachi mara moja. Sheria za nchi nyingi humruhusu fundi kulizuia gari hadi alipwe kazi mliyoafikiana, kwa hiyo usilichukue kwa ufunguo wa akiba. Ukilazimika kulipa zote ili ulipate, andika kwenye nakala ya ankara kwamba umelipa huku ukipinga, utaje kazi zenyewe, msaini wote wawili. Karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa watetezi wa walaji au kwenye mahakama ya madai madogo.

Na kabla hujatoa pesa yoyote, liendeshe. Weka gia ya juu, kanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ikinguruma na mwendo usipande, klachi bado inateleza. Warudishie funguo palepale.