Maswali yenu kuhusu erojeli, ule "moshi ulioganda"

Tangu tuliposimulia habari ya erojeli, kitu kikavu chepesi mno ambacho karibu chote ni hewa, maswali hayajaisha kuingia. Mengi yanafanana kwahiyo nimechukua manne, na la kwanza ntalijibu kwa urefu sababu likieleweka hilo mengine yanakuwa mepesi.

Habari za kazi mhariri. Kuna picha nimeona, ua limelazwa juu ya kipande cha kitu cha bluubluu kama moshi, chini kuna moto wa gesi unawaka kabisa na ua halijanyauka hata kidogo. Mimi ni fundi majokofu, mambo ya kuhami joto nayajua, nimeshika fibaglasi miaka mingi. Hiyo picha ni ya kweli au watu wameichezea?

Salama fundi. Ni ya kweli kabisa. Hicho kipande ni erojeli ya silika, yaani malighafi ileile ya mchanga na kioo, ila zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake ni hewa na nyingine zinafika 99.8. Sasa wewe unajua kwamba hewa iliyotulia inazuia joto vizuri, ndo maana fibaglasi inafanya kazi, lakini hapa kuna jambo la ajabu: erojeli inazuia joto KULIKO hewa yenyewe iliyotulia. Hewa inapitisha joto kiasi cha wati 0.026 kwa mita kwa digrii, erojeli nzuri ni kama 0.013 mpaka 0.015 hivi. Mtu anauliza inawezekanaje kitu kilichojaa hewa kiishinde hewa?

Siri iko kwenye ukubwa wa vitundu. Molekuli za hewa zinapeana joto kwa kugongana, na kwa kawaida molekuli moja inasafiri kama nanometa 70 kabla haijagonga mwenzake (nanometa ni milimita umeigawa mara milioni). Vitundu vya erojeli vingi ni nanometa 20 mpaka 40 tu! Kwahiyo molekuli inagonga ukuta kabla haijakutana na mwenzake, ule mnyororo wa kupokezana joto unakatika. Upepo wa ndani nao hauwezi kuzunguka, nafasi haipo. Na kuta zenyewe ni nyembamba mno, zimepindapinda na nyingi zinaishia njiani, joto likipita kwenye silika linazunguka njia ndefu sana. Njia inayobaki ni mionzi, na hapo niseme ukweli, kwenye joto kali sana silika tupu inaachia sehemu ya mionzi ya infraredi (mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho) ipite, ndo maana watengenezaji wanaichanganya na masizi ya kaboni, inakuwa nyeusi, haipendezi tena kwa macho lakini kazi inafanya vizuri zaidi.

Hiyo bluu uliyoiona si rangi ya kupaka. Vile vichembe vinatawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu, kama hewa ya angani inavyofanya, ukiiweka mbele ya kitu cheusi inaonekana bluu, ukiinua kwenye mwanga inageuka manjano kwa mbali.

Mhariri, nimesoma kuna erojeli nyepesi kuliko hewa. Mbona basi haipai? Mimi na mwenzangu tumebishana mpaka usiku.

Wote mna haki kidogo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, walitangaza erojeli ya grafini (kaboni iliyo nyembamba kama karatasi ya atomu moja) yenye uzito wa miligramu 0.16 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati hewa ni kama 1.2. Ila hiyo 0.16 ni uzito wa kiunzi peke yake bila hewa iliyomo ndani. Ukiiweka mezani vitundu vyake vimejaa hewa hiyohiyo ya chumbani, kwahiyo jumla ni nzito kuliko hewa na inakaa palepale. Ukiinyonya hewa yote mpaka iwe tupu ndani ingepaa, lakini ingehitaji ganda la nje la kuzuia hewa isirudi na kiunzi kisisagike kwa mgandamizo, hapo wepesi wote umeshaisha.

Shikamoo. Kama kitu ni kizuri hivi na kimegunduliwa zamani, kwanini nyumba zote hazijawekwa? Au kuna watu wanakificha?

Marahaba mwanangu. Hakuna anayeficha, tatizo ni kukausha. Samuel Kistler wa Marekani aliitangaza mwaka 1931 kwenye jarida la Nature, na hakuishia kwenye silika, alifanya hata ya ute wa yai! Ugumu wake ni huu. Unaanza na jeli, kiunzi laini kilicholowa kimiminika. Ukiacha ikauke yenyewe, kimiminika kikiwa kinatoka kinavuta kuta za vitundu zikaribiane, zinabomoka, jeli inasinyaa. Zile punje za silika kwenye vifuko vidogo unavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya ndo jeli iliyokaushwa kikawaida, ndugu wa damu wa erojeli lakini amesinyaa.

Kistler alipasha jeli kwenye chombo cha mgandamizo mkubwa mpaka kimiminika kikavuka ile hali ambayo kimiminika na gesi vinakuwa kitu kimoja, hapo hakuna tena uso wa kimiminika wa kuvuta kuta, unaitoa taratibu kama gesi na kiunzi kinabaki kimesimama. Kwa alkoholi ya ethanoli hiyo ni juu ya digrii 241, mvuke unaowaka chini ya mgandamizo, hatari tupu. Siku hizi wengi wanatumia kaboni dayoksaidi, digrii 31 inatosha ila mgandamizo ni kama mara 73 ya hewa tunayovuta. Mitambo hiyo ndo inapandisha bei. Afu erojeli tupu ni tete, gramu 2 zinabeba tofali la kilo 2 na nusu bila shida lakini ikunje kidogo, inapasuka vipandevipande. Ndo maana sokoni utaikuta imeingizwa kwenye blanketi la nyuzi, inafungwa kwenye mabomba ya viwandani na kwenye betri za magari ya umeme, sehemu ambazo nafasi ni finyu na kila milimita ina thamani. Kwenye ukuta mpana wenye nafasi ya kutosha, kihami cha bei ndogo ukikiongeza unene kinakupa matokeo hayohayo, na mimi ningekushauri hivyo.

Ukipata blanketi lake vaa glavu na barakoa, lina vumbi linalokausha ngozi vibaya.

Mhariri naomba kujua, mbali na joto ina kazi gani nyingine? Niko sekondari na napenda mambo ya anga.

Basi umeuliza nnachokipenda kuliko vyote. Kwenye anga kazi ya joto ipo, kigari cha utafiti Sojourner kilichotua sayari ya Mars 1997 na wadogo zake Spirit na Opportunity walifungiwa vifaa vyao vya elektroniki kwenye sanduku lenye erojeli ili baridi ya usiku isiviue. Lakini chombo cha anga cha Marekani, Stardust, kiliitumia kama mtego! Tarehe 2 Januari 2004 kilipita karibu na kometi Wild 2, na vumbi la kometi likaipiga ile erojeli kwa mwendo wa kama kilometa 6 kwa sekunde, ni mbio kuliko risasi mara nyingi. Kwenye kitu kigumu chembe ingelipuka ikawa mvuke, kwenye erojeli inapunguza mwendo taratibu na kusimama, inaacha shimo lenye umbo la karoti na yenyewe iko kwenye ncha. Na sababu erojeli inaonyesha ndani, unaliona shimo kwa hadubini na kulifuata. Mzigo ulitua jangwani Utah tarehe 15 Januari 2006, watafiti wakawa wanakata vipande vidogo kuzunguka kila shimo kwa sindano za kioo. Walitegemea vumbi la baridi tu kwakuwa kometi zimetokea mbali huko kwenye barafu, wakakuta na madini yanayoundwa kwenye joto kali sana, maana yake vitu vya karibu na jua changa vilisukumwa mpaka ukingoni mwa mfumo wetu kabla kometi hiyo haijaundwa.